Ndugu anatoka gerezani na alikuwa anatumia unga: wiki mbili za kwanza zipangwe vipi?

Nasaha_Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Uzi huu ni kwa familia yenye ndugu aliyeko ndani, iwe kwa wizi, uzururaji au kosa lingine, ambaye kabla ya kukamatwa alikuwa anatumia heroini. Nguvu zetu zote huishia kwenye kesi: wakili, mdhamini, nauli ya kwenda kumtembelea. Siku ya kutoka tunapika pilau, mashangazi wanakuja, tunaona yamekwisha. Kumbe hatari ndiyo inaanza.

Mtu aliyekuwa anatumia kete (vipakti vidogo vya unga) nne au tano kwa siku, mwili wake ulikuwa umeizoea dawa. Akikaa bila kutumia, mazoea hayo yanaisha, na yanaisha ndani ya siku na wiki, wala hayasubiri miaka. Sasa anatoka, anapita maskani yake ya zamani, wenzake wanamkaribisha, naye anachukua kiwango kilekile cha zamani. Heroini inalaza ile sehemu ya ubongo inayoamuru tupumue. Kiwango ambacho mwaka jana kilimtoa arosto tu (mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea), leo kinasimamisha pumzi. Utafiti wa jimbo la Washington kule Marekani, uliochapishwa 2007 baada ya kufuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani, ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Isomeni tena namba hiyo.

Kwa hiyo kazi ianze kabla geti halijafunguliwa, na inaanza na tarehe. Hapa Tanzania mfungwa mwenye nidhamu husamehewa hadi theluthi moja ya kifungo. Aliyehukumiwa miaka 3 anaweza kutoka akitimiza 2. Msikadirie kwa vidole, ulizeni gerezani tarehe kamili na muiandike. Halafu kuna kutoka kwa ghafla: msamaha wa Rais, ambao mara nyingi huangukia 26 Aprili au 9 Desemba. Waliofungwa kwa biashara ya dawa za kulevya kwa kawaida hawamo, lakini mtumiaji aliyefungwa kwa kuiba simu anaweza kuwemo, na mkapata taarifa jioni akiwa tayari yuko barabarani na mfuko wa rambo. Zikikaribia tarehe hizo, mpango uwe umekamilika.

Habari ya dawa na kliniki nawaachia wanaozifahamu zaidi. Karibuni.

Mfamasia_Dirishani

Asante mkuu. Nichukue upande wa methadoni, maana hapa ndipo familia nyingi hugombana na wauguzi bila sababu.

Kwa asiyeijua: ni dawa ya maji anayopewa mraibu badala ya heroini, inanywewa mara moja kwa siku, kila siku, mbele ya mtoa dawa. Muhimbili walianza Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, sasa ipo na mikoani, na gereza la Segerea nalo lina kliniki yake. Mgonjwa anafika dirishani, anatambuliwa, anapimiwa dozi kwenye kikombe kidogo, anakunywa, anashushia maji, kisha anaambiwa atamke neno, hata jina lake, ili ionekane amemeza na si kwamba ameiweka shavuni. Inakaa mwilini zaidi ya saa 24, kwa hiyo haimpandishi na kumshusha kama unga. Arosto inakosa nafasi, mtu anaweza kwenda kazini.

Wanaotoka ndani wako wa namna tatu, na kila mmoja ana njia yake.

Wa kwanza alikuwa anakunywa hukohuko gerezani. Huyu anahitaji barua ya uhamisho mkononi siku anayotoka. Barua iwe na majina matatu kama yalivyo kwenye faili, dozi ya mwisho, tarehe na saa aliyokunywa mara ya mwisho, dawa nyingine anazotumia, muhuri, na namba ya simu ya kliniki iliyomtoa. Dozi iandikwe kwa MILIGRAMU. Ikiandikwa kwa mililita ni balaa, kwa sababu mkorogo wa kliniki moja unaweza kuwa mzito kuliko wa nyingine, na mililita 10 za huku zikawa nusu ya za kule. Akitoka Ijumaa mchana tayari kuna shimo: dirisha la dawa linafunguliwa hata Jumapili, lakini kufungua faili jipya kunamhitaji daktari na afisa ustawi, na hao kwa kawaida ni siku za kazi. Pigeni simu kliniki inayompokea siku mbili tatu kabla.

Wa pili alikuwa mteja wa methadoni uraiani, akakamatwa, akakaa ndani miezi bila dozi. Anarudi anasema "mimi ni wa mia moja", yaani miligramu 100, na muuguzi anakataa, ndugu wanaanza kufoka. Tafadhali msifoke. Aliyekosa siku moja au mbili kwa kawaida huendelea na dozi yake. Akifika tatu, daktari lazima amwone upya na dozi hushushwa. Akipita tano anaanza mwanzo. Aliyekaa miezi bila kitu chochote mwilini huanza chini hata ya zile 20 hadi 30 anazoanzishwa mtumiaji wa kawaida, na kupanda ni kwa 5 au 10, kukiwa na siku kadhaa katikati. Miligramu 100 kwa mtu huyo ni kifo.

Na kitu ambacho watu hawakijui: methadoni inalimbikizana. Kesho anapokunywa, karibu nusu ya jana bado imo mwilini. Kwa hiyo dozi ileile ya siku ya kwanza, siku ya nne ina nguvu zaidi ingawa kikombe hakijabadilika. Mgonjwa siku ya pili anaona haimtoshi, anaongezea kete, au valiamu, au gongo. Siku ya nne usiku vyote vinakutana. Vifo vya wanaoanza methadoni vingi vinatokea hapo, wiki mbili za mwanzo. Mwambieni mapema kwamba wiki ya kwanza ATASIKIA haimtoshi, na kwamba avumilie, arudi kusema kliniki. Wengi hutulia vizuri wakishafika kati ya 60 na 120.

Wa tatu hajawahi kunywa methadoni na ametoka akiwa safi. Namrudia jioni, kuna foleni.

Chekeche

Samahani wataalamu, mimi naona methadoni ni kutoka kwenye shimo moja kuingia jingine. Mtu ameshaacha gerezani mwaka mzima, kwa nini umrudishe kwenye dawa? Si aende soba hausi (nyumba ya kukaa mtu anapoacha dawa) akamalizie?

Dada_Ustawi

Chekeche kaka yangu, swali lako ni la wengi na ni la haki.

Gerezani hajaacha, amekosa. Tofauti yake utaiona akipata elfu tano mkononi na amepita kona aliyoizoea. Uraibu ni ugonjwa wa ubongo wenye kurudia, na kumbukumbu ya maskani, ya foili, ya njiti ya kiberiti, haifutiki kwa kufungiwa. Kama amekaa safi, ana msimamo na mwenyewe anataka kuendelea bila dawa, hakuna anayemlazimisha methadoni. Lakini kama historia yake ni ya kujidunga miaka mingi, na kila alipotoka alirudia, basi kumnyima dawa inayomlinda ni kumtupa.

Soba hausi ni msaada mkubwa, Zanzibar na Tanga wanazitegemea sana, na wapo watu wengi wamesimama kwa miguu yao kupitia huko. Ila kabla hujampeleka uliza mambo haya uso kwa uso na msimamizi.

Mnapokea anayetumia methadoni au dawa za akili? Nyingi zinaendeshwa kwa hatua 12, mpango wa waraibu kusaidiana wenyewe kuacha kabisa, na hazitaki dawa yoyote. Kuna zinazomwambia mtu mwenye ugonjwa wa akili aache sindano yake ya mwezi ili "awe safi kweli". Ukisikia hivyo ondoka.

Akitaka kutoka kabla ya muda, inakuwaje? Jibu sahihi ni kwamba anazungumzishwa, familia inaitwa, na akishikilia anaruhusiwa. Kufungia mtu kwa kufuli au kumchapa si tiba, na kwa aliyetoka jela ni kumrudisha kulekule alikotoka.

Siku anayomaliza, nani anampokea? Hapa rejea maelezo ya mwanzisha uzi. Miezi minne au sita ya soba hausi inaondoa mazoea ya mwili SAWASAWA na gereza. Akitoka bila mpango, hatari ni ileile.

Pia uliza kama nyumba inatambuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Namba yao ya bure ni 119, na unaweza kuwauliza pia kliniki iliyo karibu nawe.

Mfamasia_Dirishani

Nimerudi. Huyu wa tatu.

Kliniki nyingi hupokea watu wakiletwa na asasi zinazofanya kazi vijiweni, na waelimishaji rika huwaandaa kwa vikao kadhaa kabla ya kufungua faili. Halafu kuna kupima mkojo. Aliyetoka ndani mkojo wake ni safi, na mtaani kuna ushauri wa kuua kabisa: "kapige kidogo ukapimwe, uonekane." Naomba kila anayesoma amkataze mtu wake. Hiyo "kidogo" ndiyo kete ya kwanza kwa mwili usio na mazoea.

Badala yake nendeni na historia. Barua ya zahanati ya gereza inayotaja alivyoingia na arosto, kadi yoyote ya zamani, mwelimishaji rika anayemfahamu, na ndugu mmoja wa kumsindikiza ambaye atakuja tena. Kitaalamu, kutotumia kwa sasa hakumfungii mtu mlango. Daktari anapima historia ya uraibu na hatari ya kurudia, kisha anaamua.

Na nauli. Kila siku kwenda na kurudi ni safari 60 kwa mwezi kwa daladala moja tu, 120 kama anabadilisha gari. Nimeona maelezo mengi mazuri ya tiba ambayo hayagusi hili, na ndilo linalowaangusha watu wiki ya tatu. Kama kuna ndugu anaishi umbali wa kutembea kwa miguu hadi kliniki, akae huko miezi ya mwanzo.

Kisauni_Mwema

Salaam alekum. Nachangia kutoka Mombasa.

Huku kwetu jela ya Shimo la Tewa ina kliniki ya methadoni, na nje kuna Kisauni, Malindi, Kombani upande wa Kwale, na Nairobi kuna Mathari na Ngara. Utaratibu wa barua ni ule ule. Kitu cha kuongezea ni afisa wa probesheni. Watu wanadhani kazi yake ni kuandika ripoti ya korti tu, ilhali idara yake inahusika pia na utunzaji baada ya kifungo. Mwendee kabla mtu hajatoka, amtembelee nyumbani, azungumze na majirani na mzee wa mtaa. Palipo na uhasama (pengine aliiba hapo hapo mtaani), maneno ya afisa hutuliza watu kuliko ya mama mzazi.

Kwa ushauri wa simu NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana 1192, ni bure.

Cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi) ni shilingi 1,050 kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, pamoja na alama za vidole. Nawasihi msimkimbize kukilipia wiki ya kwanza. Hukumu yake itaonekana hapo, na kijana aliye na siku kumi nje akiishika karatasi hiyo mkononi huvunjika moyo vibaya. Kazi za kuanzia, ufundi, uvuvi, kubeba mizigo sokoni, hazikitaki.

Bint_Ngamiani

Nauliza kuhusu akili. Anatoka, hali vizuri, halali usiku, anakaa gizani, akiitwa anashtuka. Ni arosto, ni msongo, au ni kichaa?

Muuguzi_Zamu

Dada, naomba nijibu kwa urefu kidogo maana hapa makosa ni mengi.

Kwanza arosto ina saa zake. Ya heroini inaanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, inakuwa kali kabisa siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki moja hadi siku kumi mwili umetulia. Ya methadoni inachelewa kuanza, siku moja au zaidi, na inavuta muda mrefu. Kama mtu alikuwa ndani miezi sita bila dawa na leo halali, hiyo si arosto.

Kushtuka, kukaa gizani, kuota ndoto mbaya, kutovumilia mlango ukifungwa nyuma yake: hayo huwapata waliopitia vitisho, na gerezani vitisho vipo. Msimlazimishe kusimulia. Mpeni chumba au hata kona ambayo mlango anaufunga na kuufungua mwenyewe. Taa iachwe kama anataka. Mkitaka kumwamsha, muiteni kwa jina mkiwa mlangoni, msimguse. Vikiendelea zaidi ya mwezi, au akishindwa kula na kutoka nje, kliniki ya afya ya akili hospitali ya wilaya au mkoa.

Sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) ina shida ya kuchanganywa na uraibu, kwa sababu mtu aliyeacha dawa majuzi huwa mnyonge kwa kawaida. Wataalamu wengi husubiri wiki mbili hadi nne za kutotumia ndipo wahukumu kama ni sonona. LAKINI kama anataja kufa, hakuna kusubiri hata usiku mmoja. Muulizeni waziwazi: "Unawaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoeni sumu ya panya, dawa za shamba na akiba ya vidonge, mpelekeni hospitali. Najua familia zinaogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu hapa Tanzania kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa (Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao cha 226 kuwa kinyume cha katiba Januari 2025). Kuwaza na kuomba msaada si kosa. Mtu mwenye rekodi ndiye anayeficha zaidi, akidhani daktari atamripoti. Mwambieni kwa maneno hayohayo: kuwaza na kuomba msaada si kosa.

Anayesikia sauti, anayeamini anafuatwa, anayezungumza peke yake: huyo anahitaji dawa mapema. Kama alikuwa anapata sindano ya mwezi gerezani, tarehe ya sindano ya mwisho iandikwe kwenye karatasi anayotoka nayo. Bila tarehe hiyo hospitali wanakisia, wakiwahi shingo inakakamaa, wakichelewa sauti zinarudi. Shingo ikipinda, taya likikaza au macho yakipanda juu baada ya haloperidoli (dawa ya wanaosikia sauti), si mapepo. Ni dawa imesababisha, na hospitali wana dawa nyingine ya kuilegeza hali hiyo.

Vidonge vya kuzuia hali hiyo, bensheksoli, wengine wanaita ateni, vinatumika mtaani kama kilevi. Usimkabidhi mtu aliyetoka kwenye uraibu karatasi ya vidonge 30. Mama au dada avishike, ampe cha siku. Vivyo hivyo amitriptilini, ile ya usingizi inayotolewa kirahisi dirishani: ikizidishwa inaharibu mapigo ya moyo, na ikichanganywa na methadoni hatari inaongezeka. Kila anapoandikiwa dawa mpya, popote, aseme "natumia methadoni".

Mfamasia_Dirishani

Muuguzi amegusa pazuri. Dawa mpya inayowavuruga watu zaidi ni ya kifua kikuu. Magereza yamejaa, TB ni ya kawaida, na rifampisini inalifanya ini liichome methadoni haraka mno. Wiki moja au mbili baada ya kuanza TB, mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza kutokwa jasho jioni, kupiga miayo, mafua, tumbo kukata. Nyumbani wanasema amerudia. Hajarudia, dozi imeliwa. Anahitaji kupandishwa, wakati mwingine sana. Na miezi sita ikiisha, rifampisini inapoachwa, ini linarudi polepole na ile dozi kubwa inageuka kuwa sumu, ishushwe tena. Andikeni tarehe ya kumaliza TB kwenye kadi ya methadoni.

Efavirenzi na nevirapini za VVU zinafanya jambo kama hilo, fenobabitoni na karbamazepini za kifafa pia. Dolutegraviri haina shida hiyo.

Mzee_wa_Gongolamboto

Mmeongea unga tu. Vijana wengi wanaoingia mahabusu ni wa pombe kali. Gongo nayo ina arosto?

Muuguzi_Zamu

Shikamoo mzee. Inayo, na inaua kuliko ya heroini.

Mnywaji wa kila siku akikamatwa, mikono inaanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa, kuona wadudu ukutani, kupigana na wasioonekana. Ndani ya seli anaonekana mkorofi, anafungwa pingu, kumbe anakufa. Ndugu anayepeleka chakula kituoni siku ya kwanza aseme kwa mkuu wa zamu, na aseme kwa sauti: huyu anakunywa kila siku, akitetemeka apelekwe hospitali. Huko atapewa diazepamu inayopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikitangulia inaweza kumharibu ubongo.

Aliyetoka na hajanywa miezi, arosto hana. Hatari yake ni kurudi kwenye kipimo cha zamani, kama unga.

Nasaha_Pwani

Naomba sasa mtu aeleze akikutwa amezidisha. Kila nyumba inayompokea ndugu inapaswa kujua.

Muuguzi_Zamu

Dalili: haamki ukimfinya sikio au ukimsugua kifua kwa vifundo vya ngumi. Mboni za macho ndogo kama kichwa cha pini. Midomo na kucha vinageuka bluu au kijivu. Anakoroma kwa sauti ya maji kooni. Huyo hajalala fofofo, anakabwa. Weka kiganja juu ya kifua chake na uhesabu dakika nzima kwa saa. Pumzi chini ya 10, chukua hatua.

Mlaze chali, inua kidevu, toa kilichomo mdomoni. Ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano, uone kifua kinapanda. Hiyo ndiyo tiba, kwa sababu anachokosa ni hewa. Akianza kupumua mwenyewe mgeuze ubavu, goti la juu limekunjwa, mkono chini ya shavu, asije akasongwa na matapishi. Bajaji, sio bodaboda, na njiani aendelee kulala ubavu. Namba ya dereva wa bajaji wa jirani iwe kwenye simu tangu siku anayotoka.

Msimnyweshe maziwa, yataingia mapafuni. Maji ya baridi, makofi, kumdunga maji ya chumvi, vyote vinapoteza dakika.

Hospitali mwambieni daktari ukweli: "ametumia heroini" au "ni mteja wa methadoni". Kuna dawa inaitwa naloksoni, sindano ya miligramu 0.4 hadi 2, inarudiwa kila dakika mbili tatu, na mtu anaamka kama aliyezamishwa akaibuka. Tatizo ni kwamba inaisha ndani ya dakika 30 hadi 90, wakati methadoni bado imo mwilini siku nzima. Anaamka, ana hasira, anataka kuondoka. Akiondoka anaweza kulala tena nyumbani asiamke. Abaki wodini chini ya uangalizi. Na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) isiwe sababu ya kuchelewa, uhai kwanza.

Chekeche

Nimeelewa, asanteni sana. Swali la mwisho kuhusu kazi. Mtu akikaa bure si atarudi kijiweni?

Dada_Ustawi

Atarudi, ila kazi ya haraka yenye pesa mkononi kila jioni nayo inamrudisha. Mwezi wa kwanza apate kazi nyepesi inayoanza baada ya saa za dirisha la dawa, na mwajiri akubali kulipa kwa wiki, tena kwa simu ya ndugu anayemwamini. Hayo yaafikiwe naye mwenyewe, yasifanywe nyuma ya mgongo wake, la sivyo ni jela nyingine.

Kitambulisho kwanza. Namba ya NIDA ikiwepo, laini ya simu inasajiliwa, na mambo mengine yanafuata. Aende serikali ya mtaa ajitambulishe na mzazi au mlezi, barua ya utambulisho itahitajika kila mahali. Kama gerezani alijifunza useremala, ushonaji au uashi, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: anapimwa kwa vitendo, anapata cheti, na cheti hicho hakisemi alijifunzia wapi.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba na vijana wana fungu lao la asilimia 4. Lakini ni ya vikundi, na fedha inaingia kwa mkupuo. Asubiri miezi sita hivi awe ametulia, na kikundini mwenye saini ya benki awe mwingine.

Bint_Ngamiani

Na ikitokea msiba ghafla? Anakunywa Mwananyamala, mazishi Tanga.

Mfamasia_Dirishani

Tanga ina kliniki pale Bombo. Asubuhi anywe dozi yake kwanza, aombe barua ya kunywea huko kwa siku anazokaa, kliniki mbili ziongee kwa simu, ndipo apande basi. Kama ni safari ya kijijini ambako hakuna kliniki: anywe, asafiri, azike, arudi. Siku moja akikosa ataumwa viungo na kupiga miayo lakini atavumilia, ya pili ni ngumu. Asiwepo huko hadi ya tatu, na ndugu mmoja pale msibani ajue ni kwa nini anaondoka kabla ya tanga kuanuliwa, ili asisemwe.